Mkono wa kikaragosi cha Kijapani: wa kushikwa, wa fimbo au wa nyuzi?

Anayetaka kutengeneza kikaragosi cha mtindo wa Kijapani huanza na vidole. Ameona bunraku, mchezo wa vikaragosi wa Kijapani, kwenye video, ameona mkono wa mbao ukifunguka na kufumba kama wa mtu, na swali lake la kwanza ni: uzi unapita wapi? Nami nilianzia hapohapo. Nilichonga mkono mmoja kwa wiki tatu, kila kidole na viungo vyake, nikausugua kwa msasa hadi ukawa laini kama yai. Siku ya kuufunga ndipo nilipotambua kwamba mkono ule ulitaka mtu wake peke yake wa kuushika, na kundi letu lilikuwa la watu wawili, mmoja wao mpiga ngoma. Mkono ungali umetundikwa ukutani.

Kwa hiyo hapa nakwenda kinyume na nilivyokwenda wakati ule: kwanza watu, kisha namna ya kuushika mkono, vidole mwisho kabisa.

Watatu kwa kikaragosi kimoja

Bunraku ya Osaka ndiyo inayojulikana na wengi. Hadi mwanzoni mwa karne ya 18 kikaragosi kilichezeshwa na mtu mmoja. Mwaka 1734, katika ukumbi wa Takemoto-za, mchezeshaji Yoshida Bunzaburō akakigawa kwa watu watatu, na mgawanyo huo ndio unaotumika hadi leo. Mkuu wao, omozukai, hupenyeza mkono wake wa kushoto mgongoni mwa kikaragosi na kushika mpini wa kichwa. Mkono wake wa kulia unashika mkono wa kulia wa kikaragosi. Wa pili, hidarizukai, kazi yake ni mkono wa kushoto. Wa tatu, ashizukai, ana miguu, tena anafanya kazi ameinama muda wote, ndiyo maana mkuu huvaa viatu virefu vya mbao mfano wa mitalawanda ili aliye chini apate nafasi.

Ukikichunguza kikaragosi hicho utaona kwamba mikono yake miwili haikutengenezwa kwa namna moja. Kwa hiyo kabla hata ya kulinganisha mtindo na mtindo, una njia mbili za kulinganisha ndani ya nguo moja.

Mkono wa kulia unashikwa moja kwa moja. Omozukai anaingiza mkono wake ndani ya mkono wa kimono, anakamata gango la mkono wa mbao, na vidole vyake vinavuta kamba fupi inayotembeza vidole vya kikaragosi. Hakuna umbali kati ya mtu na mbao. Akitetemeka, kinatetemeka; akitulia, kinatulia. Tena ikibidi kikaragosi kishike upepeo au upanga, anayeushika kwa kweli ni mchezeshaji kwa vidole vyake mwenyewe, na kiganja cha mbao kinakaa juu yake kana kwamba ndicho kilichokamata. Mimi sijaona njia nyingine inayoshika kitu kwa uhakika namna hiyo. Udhaifu wake ni nguo. Kimono kina mkono mpana unaomeza mkono wa mtu mzima bila mtazamaji kujua. Ukimvalisha mhusika wako joho, utaficha vizuri tu. Ukimvalisha shati, huna pa kuficha, na njia hii imekufa kabla hujachonga.

Mkono wa kushoto unaendeshwa kwa fimbo iitwayo sashigane. Fimbo hiyo imefungwa karibu na kiwiko na kuelekea nyuma, ili hidarizukai asimame pembeni bila kumsukuma mkuu. Anaishika kwa mkono wake wa kulia, na kamba ya vidole inafuata fimbo hadi pale vidole vyake vinapoweza kuivuta. Mkono wake wa kushoto unabaki huru, na ndio unaoleta na kuondoa vifaa: barua, kikombe, kitambaa. Ukipanga mchezo wenye vitu vingi vya kupokea na kutoa, mkono huo mmoja ulio huru una thamani kubwa kuliko kidole chochote utakachochonga.

Ila fimbo inadai malipo yake kwenye kifundo cha mkono. Chukua mkono wa mbao wa gramu 200 uuweke kwenye ncha ya fimbo ya sentimita 40. Kifundo chako kinavutwa sawa na mtu aliyeshika kilo moja sentimita 8 kutoka kiganjani. Kwa dakika moja si kitu. Kwa onyesho la nusu saa, bega linaanza kuzungumza. Ukichagua fimbo, basi mbao ya mkono iwe nyepesi na itobolewe ndani, na urefu wa fimbo usizidi ule unaohitajika ili watu wawili wasigongane.

Malipo mengine ni ya muda. Katika desturi ya bunraku husemwa miaka kumi ya miguu, miaka kumi ya mkono wa kushoto, ndipo mtu afikirie kichwa. Huna haja ya miaka kumi ili kufurahisha watoto wa shule, lakini desturi hiyo haikutoka hewani. Mkuu hamwambii wa kushoto neno lolote jukwaani. Anatoa ishara kwa kichwa na mabega ya kikaragosi chenyewe, na mwenzake lazima aisome papo hapo. Kundi ambalo kila mwezi lina watu wapya litakuwa na mkono wa kushoto unaochelewa kila mara, kama mtu anayeitikia dua ambayo haijui.

Jambo moja la kukupunguzia kazi: vikaragosi vya kike vya bunraku kwa kawaida havina miguu kabisa. Ashizukai anabana pindo la kimono kulifanya litembee, na ngumi zake ndizo magoti. Ikiwa mhusika wako ni mwanamke na una watu watatu, umeokoa kazi ya kuchonga miguu miwili. Muda huo uhamishie kwenye mikono.

Mtu mmoja, njia mbili

Hapa ndipo wengi wetu tulipo. Watu watatu wanaoweza kukutana kufanya mazoezi kila wiki ni utajiri. Wajapani wenyewe walilijua hilo, na wamepata majibu mawili yasiyofanana hata kidogo.

Jibu la kwanza linatoka Hachiōji, magharibi mwa Tokyo: kuruma ningyō, yaani kikaragosi cha gari. Mchezeshaji anakaa juu ya kijisanduku chenye magurudumu matatu. Visigino vya kikaragosi vina vijiti, naye anavibana kwa vidole vyake vya miguu, kwa hiyo anapopiga hatua yeye, kikaragosi kinapiga hatua ileile. Mkono wake wa kulia unachukua mkono wa kulia wa kikaragosi. Wa kushoto ndio wenye mzigo: unabeba kichwa na wakati huohuo unaendesha mkono wa kushoto wa kikaragosi.

Jibu la pili lilianza Osaka katika miaka ya 1920, likakusudiwa wasichana, ndiyo maana likaitwa otome bunraku, yaani bunraku ya wasichana. Mchezeshaji amesimama. Kikaragosi kimefungwa mbele ya mwili wake kwa gango la chuma, na miguu yake imeunganishwa na magoti yake yeye. Kichwa kimeunganishwa na kichwa chake kwa kamba zinazotoka pande mbili, karibu na masikio. Akigeuka, kinageuka. Kwa kuwa kichwa hakishikwi na mkono, mikono yake miwili iko huru, kila mmoja na mkono wake wa mbao. Gango lenyewe huwa la aina mbili: lile linalobebwa kiunoni, dōgane, na lile linaloegemea mikono ya mchezeshaji, udegane.

Ukiyaweka pamoja, uchaguzi unakuwa wazi kuliko unavyodhani. Gari linakupa miguu. Otome inakupa mikono.

Kikaragosi cha gari kinakanyaga sakafu kwelikweli. Kinapiga kishindo, kinakimbia, kinazunguka kwa kasi ambayo watu watatu waliosongamana hawaiwezi. Mhusika wako akiwa mpiganaji, mchezaji ngoma au mtoto mtukutu, chukua gari. Lakini usitarajie mkono wa kushoto ufanye mambo ya ajabu. Mkono mmoja wa binadamu hauwezi kukiinamisha kichwa, kupepesa macho, kuinua nyusi na bado ukaandika barua. Kitu lazima kipunguzwe. Ushauri wangu ni kupunguza uso: kichwa kiiname tu, macho yaachwe yalivyochorwa, na vidole viwili vilivyopumzika vipewe mkono wa kushoto. Aliyejaribu kuweka kila kitu amepata uso uliokufa na mkono uliolegea kwa pamoja.

Na uangalie sakafu. Gari linataka sakafu bapa na ngumu. Kwenye uwanja wa mchanga, au jukwaa la mbao zenye mianya, magurudumu yananasa katikati ya vita na shujaa anabaki akipiga teke hewani. Kwa anayeonyesha ndani ya ukumbi si hoja; kwa anayezunguka kijiji hadi kijiji, hii peke yake inatosha kuamua.

Otome haijali sakafu. Popote unapoweza kusimama, kitacheza. Na kwa mikono ni bora kuliko zote za mtu mmoja: kukunja nguo, kumimina chai, kufuta machozi kwa mikono miwili, yote yanawezekana kwa sababu mikono yako miwili inafanya kazi yake ya kawaida, ila mbele yako kuna mingine ya mbao. Tatizo ni kichwa. Umezoea kutazama chini kuona kama uzi umekwama? Kikaragosi nacho kitatazama chini. Umesikia simu ikilia ukumbini ukageuka? Kimegeuka. Wiki za kwanza za mazoezi ni za kujifunza kutotazama kazi yako mwenyewe.

Kuna na usumbufu wa fundi. Gango la otome linapimwa kwa mwili wa mtu mmoja: kiuno chake, urefu wa mapaja, umbali wa sikio hadi bega. Mwenzako mfupi akilivaa, magoti ya kikaragosi yanafika kwenye mapaja yake na kichwa kinalala upande. Weka matundu ya kurekebishia kama ya mkanda wa suruali, tena mengi. Gari halina shida hiyo. Anayeweza kuketi anaweza kulitumia.

Nyuzi, kwa kifupi

Wapo wanaouliza juu ya vikaragosi vya nyuzi vya Edo, jina la zamani la Tokyo. Mila ni kongwe: kundi la Yūki-za lilianzishwa mwaka 1635 na bado lipo Tokyo. Nyuzi zote zinakusanyika kwenye ubao wa mkononi uitwao teita, na kwa kuelea, kuruka na kutembea kwa madaha hakuna kinachozishinda. Kwa mkono unaopaswa kushika kitu kwa nguvu, achana nazo. Uzi unavuta juu tu, hausukumi, haukazi. Na safari moja ndani ya basi lenye msongamano inatosha kukupa kazi ya siku nzima ya kufumbua mafundo.

Sasa vidole

Ukishajua nani anashika nini, vidole vinajichagua vyenyewe kwa sehemu kubwa. Bunraku ina aina nyingi za mikono, na haziendi kwa uzuri bali kwa tabia ya mhusika. Ile inayowavutia wageni zaidi ni takotsukami, ambayo viungo vya vidole na kifundo vyote vinakunjika. Hupewa mashujaa wakubwa, watu wa hasira na nguvu. Kasede ni ya kiasi: vidole vinne vinakwenda pamoja, gumba limetulia. Mikono ya kike, kama momijite, nayo inakunja vidole vinne kwa mara moja, kwa ustaarabu, bila kukamata. Kisha kuna mikono ya kazi maalumu. Mhusika anayepiga shamisen au koto, ala za nyuzi za Kijapani, hupewa mikono iliyochongwa kwa kazi hiyo tu, akimaliza wimbo inabadilishwa.

Nikilazimishwa kuchagua kwa anayeanza, nasema kasede bila kusita. Kamba moja, bawaba moja ya ngozi kwenye mizizi ya vidole, basi. Ukikaa safu ya tatu huoni tofauti kati ya mkono wenye bawaba moja na ule wenye tisa. Unachoona ni kama ulifunguka kwa wakati wake. Takotsukami ina haki yake pale tu mkono unaposhikwa moja kwa moja kama ule wa kulia wa omozukai. Ukiuweka kwenye ncha ya sashigane unaongeza uzito mahali pabaya kabisa, na kila kiungo kinaongeza ulegevu wake: milimita moja hapa, milimita moja pale, hadi kamba inavutwa sentimita nzima kabla kidole hakijajua kama kimeitwa.

Na wazo la mikono ya kubadilisha liibe bila aibu. Badala ya mkono mmoja unaojaribu kila kitu, tengeneza mitatu rahisi: mmoja wa kasede, mmoja ulionyooka wa kuelekeza, mmoja uliofumba wenye tundu katikati la kupitisha fimbo, kalamu au kijiko. Kishikizo cha kuunganishia kwenye kigasha kiwe kimoja kwa yote. Kwa gari la Hachiōji, ambalo mkono wa kushoto una nafasi ndogo ya kuvuta kamba, mkono ulionyooka na uliotulia unaonekana wenye heshima kuliko wa vidole vinavyotikisika ovyo.

Kinachorudisha

Kuvuta ni nusu ya kazi. Kidole lazima kirudi. Vichwa vya bunraku, ambavyo huchongwa kwa mti wa hinoki, vina springi za nyangumi: vile vibapa vilivyo kinywani mwake badala ya meno, vinavyomchujia chakula. Vikipasuliwa vyembamba vinapinda na kurudi kwa miaka bila kuchoka wala kushika kutu. Huvipati, wala usivitafute; biashara ya viungo vya nyangumi kati ya nchi na nchi imefungwa kwa sehemu kubwa.

Nilivyojaribu badala yake ni vitatu. Mpira wa tyubu ya baiskeli ni wa bure na wa kimya, lakini joto linaulegeza, na kila baada ya miezi michache unabadilisha. Springi ya kalamu haichoki, ila ina mlio mdogo wa chuma ambao kwenye kimya cha mchezo wa huzuni unasikika kama panya. Utepe wa plastiki wa kufungia maboksi ya bidhaa, ukikatwa upana wa milimita tatu na kulazwa nyuma ya vidole, ndio uliokaribia zaidi tabia ya nyangumi: haulii, haushiki kutu, na dukani wanautupa. Kwa mkono wa kasede ndio ninaoutumia.

Kamba nayo isivutike. Uzi wa nailoni wa cherehani unarefuka siku ya kwanza, na mkono uliofungwa vizuri jioni unaamka asubuhi haufungi. Mshipi wa kuvulia uliosukwa, si ule mmoja mmoja unaong'aa, hauna tabia hiyo. Pale unapopita kwenye tundu la mbao, chovya tundu nta kidogo.

Jambo la mwisho kuhusu ndani ya mkono: acha mlango. Wajapani hubandika mbao zao kwa nikawa, gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, na gundi ya aina hiyo huachia kwa maji ya moto. Ukitumia gundi ya kuchanganya ya mirija miwili, siku kamba itakapokatika utaupasua mkono kwa patasi. Kama huna gundi ya ngozi, kifuniko cha skrubu mbili ndogo chini ya kiganja kinatosha, na mkono wa kimono utakificha.

Kabla hujakata mbao

Kuna majaribio ambayo hayagharimu kitu. Kwa anayefikiria sashigane: funga chupa ya maji ya nusu lita kwenye ncha ya fimbo ya sentimita 40, maji yafike chini kidogo ya nusu ili ukaribie uzito wa mkono, uishike kwa mkono wa kulia, mkono usiegemee popote, hadi wimbo mmoja uishe. Ukiwa bado unaweza kuisogeza taratibu bila kutetemeka, fimbo inakufaa.

Kwa gari: azima kiti cha ofisini chenye magurudumu, kishushe hadi mwisho, bana vipande viwili vya ufito kati ya vidole vya miguu, zunguka chumba kwa dakika kumi. Mapaja yatakupa jibu. Na kwa otome: vaa kofia, funga kamba mbili kutoka pande zake hadi kwenye boga dogo lililosimamishwa juu ya ufito kifuani mwako, kisha jaribu kumenya chungwa kwa mikono yote miwili bila boga kulitazama chungwa.